Waliosahihisha Majina

Basi la Nairobi kwenda Garissa likishapita Mwingi, abiria wengi husinzia. Vilima vya Ukambani vinapungua kimoja kimoja, Ukasi inapita, kisha nchi inalala tambarare na barabara inanyooka kama uzi uliovutwa. Bangale iko kwenye mnyoosho huo, upande wa Kaunti ya Tana River, katika eneo bunge la Bura, kabla hujafika Madogo na daraja la kuingilia Garissa. Ni nchi ya wafugaji, Waorma na Wawardei na Wasomali, na ukishuka kuelekea mtoni unakutana na Wamunyoyaya na wakulima wengine wa kingo za Tana. Msafiri huikumbuka kwa chai na mbuzi. Mimi nikipita huko hukumbuka kibanda cha gemu.

Aliyekulia kando ya barabara yoyote kuu ya Kenya miaka ya 2000 anakijua kibanda hicho bila kuelezwa. Mabati juu, pazia mlangoni ili jua lisiue picha, benchi la mbao, runinga ya kizamani yenye mgongo mnene. Chini yake mashine ya PlayStation 2 ambayo fundi ameifungua na kuitia chip ili isome diski za kunakiliwa. Pedi mbili ambazo alama za vitufe zimefutika kwa jasho la vidole. Mechi ilikuwa shilingi 10 au 20, na aliyefungwa aliachia pedi. Kwenye vituo ambavyo nyaya za umeme zilikuwa hazijafika, jenereta ilinguruma nje na mwenye kibanda alipiga hesabu ya mafuta kila bao lilipoingia. Nje watu walisalimiana kwa lugha za nyumbani. Ndani kulikuwa na lugha moja, Kiswahili cha mpira, na gemu moja.

Jina lake lilikuwa Winning Eleven. Jalada lingeweza kusema Pro Evolution Soccer, au PES, na wenye hela wakabishana kwamba hayo ni majina tofauti. Hayakuwa tofauti. Ilikuwa gemu ile ile ya kampuni ya Konami ya Japani, iliyouzwa kwa jina moja Asia na kwa jina jingine Ulaya, na diski za magendo zilileta majina yote mawili hadi Afrika Mashariki.

Watu waliiapia gemu hiyo. Kisha, katika muda wa kama miaka 15, wakaipa kisogo. Si wa hapa peke yao, bali dunia nzima, kuanzia São Paulo hadi Jakarta. Na jambo la ajabu ni kwamba mara moja katika safari hiyo walikipa kisogo kitabu ambacho wakosoaji walikuwa wametoka tu kukisifu kuliko vyote vya miaka kadhaa nyuma yake. Nimesema kitabu makusudi, maana mfululizo wa gemu hutoka kama vitabu vya kiada: kila mwaka toleo jipya, jalada jipya, na mwanafunzi anayeuliza kama lile la kaka yake halitoshi.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Konami walisifiwa, wakalewa sifa, wakaharibu. Ni jibu tamu, na kuna ukweli ndani yake. Lakini mwenye kuifuata historia hii pole pole ataona kwamba haielezi jambo lenyewe.

Konami ilianzishwa mwaka 1969 mkoani Osaka na Kagemasa Kozuki, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukodisha na kutengeneza mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Kutoka kwenye mashine za sarafu ikaingia kwenye gemu za sarafu, na kutoka hapo kwenye gemu za nyumbani. Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, kampuni ya Electronic Arts ilitoa mwaka 1993 FIFA International Soccer, iliyotengenezwa Canada, ikiwa na kibali cha shirikisho lenyewe la soka duniani. Mwaka 1995 Konami nao wakaleta Winning Eleven ya kwanza kwenye PlayStation, ikiwa na timu za ligi ya Japani. Tangu hapo mambo yakagawanyika namna ambayo kila mchezaji wa kibandani aliifahamu bila kusoma popote: FIFA ina majina, Winning Eleven ina mpira.

Majina ni mali. Kutumia jina la klabu, nembo yake, jezi yake na sura ya mchezaji wake kunahitaji leseni, na leseni hununuliwa kwa ligi, kwa klabu au kwa chama cha wachezaji. Electronic Arts walinunua mapema na kwa wingi, na Ligi Kuu ya Uingereza ikawa yao. Konami wakabaki na makombo. Hivyo beki wa kushoto wa Brazil, Roberto Carlos, akaitwa Roberto Larcos katika matoleo ya awali. Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Manchester City ikawa Man Blue. Chelsea katika toleo la mwaka 2006 ilikuwa London FC, timu ambayo hakuna mtu Kenya aliyewahi kuishangilia.

Mtu wa Nairobi angecheka hapo. Kaskazini mwa Tana watu hawakushangazwa sana na Larcos. Ni sehemu ambayo mtu huenda ofisini na jina la babu yake, akatoka na kitambulisho chenye jina ambalo karani alilisikia kwa sikio lake mwenyewe, herufi moja imeruka, nyingine imeongezwa, na kulisahihisha ni safari ya siku nyingi na barua nyingi. Jina lililokosewa si kichekesho kwao, ni kazi inayosubiri kufanywa.

Na hapa ndipo Winning Eleven ilipokuwa na kitu ambacho mshindani wake hakukitilia maanani. Katika menyu zake kulikuwa na sehemu ya kuhariri. Ungeweza kuingia humo, ukamtafuta Larcos, ukafuta herufi moja moja kwa pedi na kuandika Carlos. Ungeweza kubadili jina la timu, rangi ya jezi, kuchora nembo kwa vidoto, kurefusha nywele za mchezaji, kumwongezea kasi au kumpunguzia. Uhamisho ulipotangazwa redioni, ulimtoa mchezaji huyu hapa ukampeleka pale. Yote yalihifadhiwa kwenye memori kadi ya megabaiti 8, kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Ilikuwa kazi ya usiku kucha. Mwenye subira alifanya ligi moja, mwenye wazimu alifanya zote. Kadi iliyokamilika ikawa mali inayoazimwa kwa masharti, na kijana aliyeitengeneza alikuwa na hadhi fulani kwenye benchi hata kama alikuwa anafungwa kila mechi. Nakumbuka mazungumzo ya aina hii, ambayo yalijirudia hadi yakawa kama salamu:

"Kaka, kadi yako ina Eto'o wa Barcelona?"

"Ina Eto'o, ina Ronaldinho, ina jezi za msimu huu. Nyuma tu ya Liverpool sijamaliza."

"Nikopeshe nimalizie mimi."

Basi mtu angechukua kadi, akamalizia mabeki wa Liverpool, akairudisha. Sijui ni gemu gani nyingine ya wakati ule iliyomfanya mteja afanye kazi ya kampuni bure, tena kwa furaha, na kesho yake amshukuru muuzaji. Kenya yenyewe haikuwamo kati ya timu za taifa. Waliotaka Harambee Stars walichukua timu nyingine, wakaivua jezi na kuivisha upya.

Toleo linalotajwa kwa heshima kuliko yote ni PES 6, la Oktoba 2006, ambalo Japani liliitwa Winning Eleven 10. Ukilipima kwa karatasi lina mapengo. Bundesliga haikuwamo kabisa, Bayern Munich peke yake ndiyo iliyobaki. Uingereza ilikuwa na Arsenal na Manchester United kwa majina halali, wengine wote walikuwa mafumbo. Lakini mpira ulitembea. Pasi ilikuwa na uzito, beki aliyepoteza nafasi alipoteza kweli, na Adriano wa Inter Milan alikuwa na nguvu ya shuti ya 99, kiasi kwamba vibanda vingine viliweka sheria kuhusu nani aruhusiwe kuichukua Inter. Makosa ya gemu yalijulikana na kila mtu kama mashimo ya barabara ya kijijini: unajua wapi pa kukata kona.

Mwaka uliofuata ndipo nyufa zilipoanza, ingawa si zote zilionekana kutoka hapa. PES 2008 ilitoka Oktoba 2007 na Cristiano Ronaldo kwenye jalada. Ilitangazwa kwamba ina akili mpya, iitwayo Teamvision, itakayojifunza namna unavyocheza na kukukabili. Kwenye PlayStation 3, mashine mpya wakati huo, picha ilikwama na kusita, na mechi za mtandaoni zilikokota. Wanunuzi wa Ulaya waliokuwa wamelipa pesa nyingi kwa mashine na diski walikasirika. Wengi walikuwa wamekaa na mfululizo huu tangu PlayStation ya kwanza, na hasira ya mtu wa ndani ni tofauti na ya mgeni.

Kenya hasira hiyo haikufika. Sababu ni rahisi: vibanda vyetu vilikuwa bado kwenye PlayStation 2, na PES 2008 ya PlayStation 2 ilikuwa karibu PES 6 ile ile iliyobadilishwa nguo. Mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ikakaa sokoni hadi Sony walipoacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na Konami waliendelea kuitolea diski kila mwaka. Majina yakabadilika, mpira ukabaki. Kwa hiyo, wakati shabiki wa London alikuwa ameshaapa mara tatu kutonunua tena, kijana wa barabara ya Garissa alikuwa bado anaishi mwaka 2006, mwaka wenye furaha, na kila Novemba diski mpya ilimletea habari za uhamisho. Diski ya mwisho kabisa ya PlayStation 2 barani Ulaya ilikuwa PES 2014, iliyotoka Novemba 2013.

Nadhani kipindi hicho kilitupa picha isiyo sahihi ya kampuni. Tulidhani bado inatujali. Kumbe tulikuwa tunakula akiba.

Huko mbele Electronic Arts hawakulala. FIFA 10, ya mwaka 2009, ilimruhusu mchezaji kukimbia na mpira pande zote badala ya zile nane za zamani, na wakosoaji wakasema waziwazi kwamba FIFA ina majina na mpira pia. Machi mwaka huo huo walikuwa wameanzisha Ultimate Team, mahali ambapo mchezaji hununua pakiti za kadi bila kujua ndani mna nani. Ilikuwa hela nyingi mno, na kila kampuni iliiona. Vibanda vilipoanza kununua PlayStation 3 zilizotumika, na baadaye PlayStation 4, diski iliyokuja nazo ilikuwa FIFA. Watoto waliozaliwa baada ya 2005 husema "twende FIFA" hata wakienda kucheza kitu kingine, kama sisi tulivyosema Winning Eleven.

Konami nao walikuwa na leseni moja kubwa, ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, waliyoipata kuanzia PES 2009 na kuishika kwa karibu miaka 10. Kwenye PES 2014 walijenga upya kila kitu juu ya injini mpya iitwayo Fox, na toleo hilo likatoka likiwa na haraka inayoonekana: hata mvua haikuwamo. Mwaka uliofuata wakarekebisha. Kisha ikaja PES 2016.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

PES 2016 ilitoka Septemba 2015, mfululizo ukitimiza miaka 20, Neymar kwenye jalada. Walioicheza kabla ya kuuzwa walirudi na nyuso za watu waliokutana na rafiki aliyedhaniwa amekufa. Miili ya wachezaji iligongana kwa uzito. Mpira ulikuwa kitu kinachojitegemea tena, haukushikamana na mguu. Kulikuwa na wakosoaji waliotoa 9 juu ya 10, na wengi walisema bila kusita kwamba mwaka huo PES imeipiku FIFA. Ilikuwa kama kusikia kwamba mto uliohama umerudi kwenye mkondo wake.

Wiki zikapita na minong'ono ikaanza. Vikosi vilikuwa vya zamani. Dirisha la uhamisho la Ulaya lilikuwa limefungwa siku za mwanzo za Septemba. Anthony Martial alikuwa ameshahamia Manchester United na kufunga kwenye mechi yake ya kwanza dhidi ya Liverpool, lakini kwenye diski alikuwa bado anavaa jezi ya Monaco. Watu walitazamia sasisho la siku ya kwanza. Halikuja. Konami wakatangaza kwamba vikosi vipya vitapatikana mwishoni mwa Oktoba, wiki sita hivi baada ya watu kulipa. Kwa shabiki wa mpira wiki sita ni sehemu kubwa ya msimu, na kwa Mkenya wa Manchester United aliyemwona Martial akifunga bao lile, ni milele.

Sasa mtu wa kadi za megabaiti 8 angeuliza: shida iko wapi? Si mhariri yumo? Mpeleke Martial mwenyewe.

Ungeweza, kwa sehemu. Kwenye PlayStation 4 Konami walirejesha ruhusa ya kuingiza picha za nembo na jezi kutoka nje, na jeshi la watu wa kujitolea likafanya kazi usiku na mchana kubadilisha Man Blue kuwa Manchester City. Kwenye Xbox One ruhusa hiyo haikuwapo. Na muhimu zaidi, uliyoyasahihisha nyumbani hayakufuata nawe ulipotoka nje. Moyo wa gemu ulikuwa umehamishwa hadi kwenye kitu kiitwacho myClub, binamu wa Ultimate Team, kinachoishi kwenye seva za kampuni. Huko data ni yao. Martial ni wa Monaco hadi waseme vinginevyo. Desemba wakatoa toleo la bure la gemu hiyo, na kilichokuwa wazi ndani yake kwa kutumia hela ni myClub. Aliyetaka kujua kampuni inaelekea wapi alikuwa ameonyeshwa mlango.

Basi sifa zikageuka. Gemu ya Septemba na gemu ya Desemba ilikuwa ile ile, uzito wa mpira haukupungua hata gramu. Lakini ukisikiliza walivyoizungumzia mwisho wa mwaka, ungedhani ni diski nyingine. Makipa ambao Septemba walikuwa "wana makosa ya kibinadamu" sasa walikuwa hovyo. Marefa walioachia mchezo uendelee sasa walikuwa vipofu. Mapenzi yakiisha, hata kikohozi cha mtu kinakuwa na kelele.

Mwaka huo huo, na kwenye kampuni hiyo hiyo, jambo kama hilo lilitokea mahali pengine. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain ilitoka tarehe 1 Septemba 2015, juu ya injini ile ile ya Fox. Wakosoaji waliimiminia sifa. Kisha waliofika mwisho wakagundua kwamba mwisho haupo: misheni ya 51, iliyofunga kisa, ilikatwa kabla ya kukamilika na kuonekana tu kwenye diski ya nyongeza kama mabaki ya michoro na video. Mtungaji wake, Hideo Kojima, aliondoka Konami kabla ya mwaka kwisha. Wakosoaji walikuwa wamehukumu saa walizocheza. Mashabiki walihukumu kile walichoahidiwa, na hukumu ya pili huchukua muda kuandikwa.

Ndiyo maana sikubali methali ya mgema. Tembo la 2015 halikutiwa maji. Lilikuwa zuri, na wanaolionja leo wanakiri. Kilichobadilika ni nani anayeruhusiwa kushika kata. Katika PES 6 makosa ya majina yalikuwa makubwa mara kumi kuliko ya PES 2016, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu tuliachiwa kalamu. Katika PES 2016 makosa yalikuwa madogo, lakini kalamu ilikuwa imefungiwa kwenye jengo huko Japani, na mwenye ufunguo alisema njooni mwisho wa Oktoba. Watu huvumilia sana kitu kibovu wanachoweza kukirekebisha.

Sitaki kuwafanya mashabiki malaika. Wengi wetu hatukuwahi kulipia diski moja halali maishani, na kelele za mtu aliyenunua nakala kwa shilingi 100 hazina mashiko mbele ya mahasibu wa Tokyo. Kampuni ilikwenda kwenye hela, na hela ilikuwa kwenye seva. Diski za magendo zinaweza kuelezwa kama sehemu ya sababu iliyowapeleka huko. Hilo tulimeze pia.

Baada ya 2016 mteremko ulikuwa na vituo. Mkataba wa Ligi ya Mabingwa uliisha 2018 na leseni ikahamia FIFA. Konami wakajibu kwa kuichukua Juventus peke yao mwaka 2019, ikabidi FIFA 20 iiite klabu hiyo Piemonte Calcio, na mashabiki wa zamani wa Merseyside Red wakacheka hadi machozi. Mwaka 2020 hawakutoa gemu mpya, walitoa sasisho la vikosi kwa bei nafuu na kusema wanatayarisha kitu kikubwa.

Kitu hicho kilikuwa eFootball, kilichozinduliwa tarehe 30 Septemba 2021. Jina la Pro Evolution Soccer lilifutwa. La Winning Eleven pia. Gemu ilikuwa ya bure, imejengwa ili kompyuta, mashine za nyumbani na simu zitumie kitu kimoja. Ilikuja na klabu 9. Nyuso za Messi na Ronaldo zilikuwa za kutisha, na picha zake zilizunguka dunia kwa siku moja. Kwenye duka la Steam ikashuka hadi chini kabisa ya orodha ya tathmini za wachezaji, na kesho yake Konami wakaomba radhi. Toleo walilothubutu kuliita 1.0 lilikuja Aprili 2022.

Watu walizungumza mno juu ya nyuso. Mimi niliangalia menyu. Siku ile ya kwanza hapakuwa na sehemu ya kuhariri. Ligi ya msimu mzima ambayo mtu alicheza peke yake na timu ya wachezaji wasiojulikana hadi wakawa mabingwa, Master League, nayo haikuwamo, iliahidiwa baadaye. Bila mtandao kulikuwa na vitu vichache sana vya kufanya.

Fikiria hilo kutoka Bangale. Gemu ya bure inayodai intaneti karibu wakati wote si ya bure kwa mtu anayenunua bando kwa siku. Sasisho moja linaweza kula gigabaiti kadhaa, na mnara wa simu ukizidiwa jioni, pasi unayopiga inafika baada ya mpinzani kuukata mpira. Mwenye kibanda ambaye zamani alihitaji umeme, diski na kadi moja sasa anahitaji kitu cha nne ambacho hawezi kukihifadhi kwenye kopo wala kukikopa kwa jirani. Kwenye miji yenye nyaya za kasi hilo ni lalamiko. Huku ni mlango uliofungwa.

Ya Mungu mengi, Electronic Arts na FIFA waliachana. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho, na kuanzia Septemba 2023 gemu yao ikaitwa EA Sports FC. Shirikisho likabaki na jina lisilo na gemu, na Oktoba 2024 likatangaza kushirikiana na Konami: Kombe la Dunia la FIFAe lingechezwa kwa eFootball. Kampuni iliyomwita Carlos Larcos kwa kukosa leseni ikapewa jina ambalo liliishinda kwa miaka 30. Kwenye vibanda habari hiyo haikubadilisha chochote, kwa sababu vijana walikuwa wamehamia kwingine.

Wamehamia kwenye simu. Kuna programu iitwayo PPSSPP, ambayo hufanya simu ya kawaida ya Android icheze gemu za PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony ambayo imeshakufa. Mafundi wasiojulikana majina huchukua PES ya zamani ya PSP, wakafuta majina yote, wakaandika ya msimu huu, wakabadilisha jezi, nembo na hata sauti ya mtangazaji, kisha wakalitoa faili. Unalipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, au rafiki anakurushia kutoka simu yake bila bando, na baada ya hapo huhitaji ruhusa ya mtu. Jina la faili litasema 2024 au 2025. PES ya mwisho iliyotengenezwa kwa PSP ilikuwa PES 2014.